Kutoka Jenereta la Jirani hadi Msikiti wa Chumbe

Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, umeme ulikatika mara kwa mara katika kijiji chetu kilichopo pwani ya mashariki ya Unguja. Kila ulipokatika, msikiti uliingia kiza, tukawasha taa za chaji, na imamu akaendelea na Tarawehe bila ya kipaza sauti. Hilo halikutusumbua, kwani babu zetu waliswali hivyo miaka yote. Lililotusumbua ni lile lililofuata. Baada ya muda mfupi, ng'ambo ya ukuta, jenereta la hoteli jirani liliamka kwa kishindo, na sauti ya Qur'ani ikazama. Waliokuwa safu ya nne hawakujua kama imamu amerukuu au bado anasoma. Upande wa wanawake ndio unaopakana na ukuta ule, na moshi wa dizeli uliingia moja kwa moja kupitia madirisha yao. Bi mkubwa mmoja mwenye ugonjwa wa pumu alilazimika kukatisha swala na kurudi nyumbani akishikwa mkono na mjukuu wake.

Vijana walitaka twende hotelini usiku ule ule. Imamu aliwazuia. Aliwakumbusha kwamba jirani ana haki yake hata akiwa si Mwislamu, na kwamba mwenye kudai haki hutangulia yeye kuitimiza. Mwenyekiti wa kamati akaongeza jambo ambalo kila mmoja alilijua: nusu ya vijana wanaosimama katika safu zetu hula kwa mishahara ya hoteli hizi. Tukakubaliana tuende baada ya Idi, mchana, kwa salamu na adabu, tukaeleze madhara tuliyoyapata.

Tunaandika safari hii, ndugu msomaji, kwa sababu haikuishia pale tulipoikusudia. Tulitoka kwenda kushitaki moshi wa jirani, na tukarudi tukiwa na hesabu yetu wenyewe mkononi.

Uani kwa jirani

Meneja wa hoteli, mtu wa makamo kutoka Bara, alitupokea kwa chai ya tangawizi na kutusikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Aliomba radhi kwa yaliyompata bi mkubwa, kisha akasema, "Masheikh wangu, kabla hatujazungumza dawa, njooni muuone ugonjwa wenyewe." Hakutupeleka kwenye bwawa la kuogelea wala kwenye bustani. Alitupeleka nyuma.

Hoteli ni kama nyumba ya harusi. Wageni huiona barazani, ambako kuna maua na mazulia, lakini kazi yote na masizi yote yapo uani. Huko nyuma tulimkuta fundi wa mitambo, kijana aliyehitimu madrasa yetu wenyewe, ambaye alituonesha jenereta lile na kutupa hesabu yake. Linapofanya kazi hunywa kiasi cha lita 15 za dizeli kwa saa. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, yaani ile gesi ambayo wataalamu wanasema ndiyo kubwa katika kulipasha joto anga la dunia. Mwenyekiti wetu alishangaa: vipi lita moja, ambayo uzito wake haufiki hata kilo moja, itoe karibu kilo tatu? Kijana akamjibu kwamba kaboni iliyomo ndani ya mafuta, inapoungua, hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni hiyo ndio unaoongezeka. Basi kila saa jenereta lile linapounguruma, hutupa angani kiasi cha kilo 40 za hewa ukaa, si mbali na uzito wa mfuko mmoja wa saruji.

Tukadhani tumekwisha kumwona mkosa. Kumbe jenereta lilikuwa mtumwa tu, na mabwana zake walikuwa wengi. Kwanza tulioneshwa mashine za viyoyozi zilizopangwa ukutani safu kwa safu. Katika nchi za joto kama yetu, kupoza hewa ndiko kunakokula sehemu kubwa ya umeme wa hoteli. Mgeni hukiweka kiyoyozi kwenye nyuzi 18, akafungua mlango wa baraza ili aione bahari, kisha akaenda kuogelea saa tatu. Na ndani ya mashine zile mna gesi ambayo yenyewe ni hatari ikivuja. Kilo moja ya gesi iitwayo R410A, inayotumika katika viyoyozi vingi, hupasha joto anga kwa kiasi kinachozidi tani 2 za hewa ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Siku hizi zipo mashine zenye gesi ya R32, ambayo madhara yake ni karibu theluthi moja ya hayo, lakini fundi asiye makini huiachia gesi ya zamani itoke hewani anapobadilisha mashine, na hakuna anayemwona.

Kisha tukaingia kwa dobi. Mashuka na taulo hufuliwa kila siku kwa maji yaliyochemshwa kwa umeme, hata kama mgeni amelala usiku mmoja tu juu yake. Baada ya hapo huingizwa katika mashine ya kukaushia, ambayo nayo ni ya umeme, ilhali nje jua linachoma mchanga mpaka haukanyagiki. Tuliuliza kwa nini nguo hazianikwi. Tukaambiwa kamba ziliondolewa kwa kuwa ziliharibu mandhari. Jikoni tuliyaona mapipa ya mabaki ya chakula yakisubiri gari la taka. Chakula hicho kikifukiwa jaani na kuoza pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo nguvu yake ya kuleta joto ni kubwa kuliko ya hewa ukaa. Na kabla ya kuwa taka, baadhi ya nyama ile ilisafirishwa kwa ndege.

Ni haki tuseme pia upande wa hoteli. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Wazee wetu wanayakumbuka vyema yaliyotokea waya ule wa kwanza ulipokuwa peke yake: giza la karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha giza la miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Hapo ndipo hoteli nyingi zilipojifunza kutegemea majenereta. Asiyelala na mgonjwa hajui taabu ya usiku, na sisi hatukuwa na wageni wanaodai fedha zao. Lakini hali imebadilika. Umeme wa Bara unazidi kuzalishwa kwa maji, hasa baada ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kazi mwaka 2024. Kwa hiyo kila saa ya jenereta sasa ni hasara zaidi kuliko zamani, kwa mfuko na kwa hewa pia.

Tulipokuwa tunaaga, meneja akatuuliza kwa upole, "Masheikh wangu, na mimi nina swali. Nasikia msikiti unapata viyoyozi sita na jenereta. Mtaliweka wapi?"

Tukatazamana. Ilikuwa kweli. Mfadhili mmoja mwenye kuupenda msikiti wetu, Allah amlipe kheri, alikuwa ameahidi kutununulia vyote hivyo, na barua ya kukubali ilikwisha kuchapwa, ikisubiri saini tu. Jenereta tulikwisha kulipangia mahali: upande wa kusini, mbali na ukuta wa hoteli, chini ya dirisha la nyumba ya mjane mwenye watoto wanne. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Mwani wa mama zetu

Tulipotoa taarifa ya ziara ile mbele ya akina mama wa kijiji, mmoja wao alituuliza swali la maana: "Moshi wa kwenye pua nimeufahamu. Lakini hiyo hewa ukaa ya viyoyozi inanihusu nini mimi na mwani wangu?"

Kilimo cha mwani kilianza katika pwani yetu mwaka 1989, na ndicho kilichowapa mama zetu fedha ya kwanza waliyoimiliki wenyewe. Kwa fedha hiyo watoto wamesomeshwa na nyumba zimeezekwa bati. Lakini kwa miaka mingi sasa ule mwani wa bei nzuri, unaoitwa cottonii, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi, kwa sababu maji hayo yamekuwa ya moto kupita uvumilivu wake. Huanza kubadilika weupe, kisha hulegea na kukatika. Waliotaka kuendelea nao wamelazimika kuusogeza kwenye maji ya kina, na wengi wa mama zetu hawajui kuogelea. Waliobaki maji madogo hupanda aina nyengine, ambayo bei yake ni ndogo mno.

Jawabu tulilompa lilikuwa hili. Moshi hausimami ulipotoka. Hewa ukaa inayopanda leo kutoka hapa, kutoka Ulaya na kutoka kila mahali huchanganyika kuwa blanketi moja juu ya dunia, na zaidi ya asilimia 90 ya joto linalozidi huingia baharini. Utalii wote, pamoja na ndege, hoteli na vyakula vyake, umekadiriwa kuchangia takriban asilimia 8 ya gesi zote zinazoleta joto duniani. Mgeni mmoja anayeruka kutoka Ulaya kuja Zanzibar na kurudi hubeba juu yake zaidi ya tani moja ya hewa ukaa kwa safari hiyo moja, kiasi ambacho Mtanzania wa kawaida hakifikishi kwa mafuta yote anayotumia mwaka mzima. Hoteli za dunia zimekwisha kujifanyia hesabu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na umoja wa makampuni makubwa ya hoteli ilisema kwamba, ukilinganisha na mwaka 2010, kila chumba kinapaswa kupunguza gesi zake kwa asilimia 66 ifikapo mwaka 2030, na asilimia 90 ifikapo mwaka 2050.

Yule mama alisikiliza, kisha akasema, "Basi wanaokoga ni wengine, na maji ya moto yametufika sisi." Hatukuwa na la kuongeza.

Njia ya Chumbe

Ni meneja yule aliyetushauri tukatazame Chumbe. Tukasubiri masika yapite, na katika mwezi wa Muharram tukaondoka watu sita: mwenyekiti, imamu, katibu anayeandika haya, akina mama wawili wa kamati ya wanawake, na yule kijana fundi. Tulipanda gari baada ya Alfajiri, tukapita msitu wa Jozani ukiwa bado na ukungu, tukashuka Mbweni, kusini ya mji. Hapo tukapanda boti. Pepo za kusi zilikuwa zimeanza, na mama zetu, waliozoea kuiona bahari wakiwa wamesimama ndani yake, walicheka kuona wanaume wakishikilia ubao.

Safari ilichukua kiasi cha dakika 40. Kijana wetu hakukosa kusema kwamba mashine ya boti nayo inakunywa petroli. Tuliliandika hilo, kwani shahidi muadilifu hafichi lililo dhidi ya hoja yake.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, chenye msitu upande mmoja na mwamba wa matumbawe hai upande wa magharibi. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904 kuongoza meli. Mapema katika miaka ya 1990, mwanamke wa Kijerumani aitwaye Sibylle Riedmiller alianzisha juhudi za kukihifadhi, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba ule kuwa hifadhi. Gharama za ulinzi na za kuwasomesha wanafunzi wanaoletwa kisiwani zilikusudiwa zitoke katika nyumba za wageni. Nyumba hizo ni saba tu, na ndizo tulizokwenda kuziona.

Kisiwani hakuna kisima wala mto, na waya wa umeme haufiki. Kwa hiyo kila nyumba ilibidi ijitegemee. Paa ni pana, la makuti, na limejengwa ili kukusanya mvua. Maji yake huchujwa na kuingia katika tangi lililo chini ya nyumba, kisha husukumwa juu kwa pampu ya mkono. Tulifika masika yakiwa yametoka kupita, na matangi yalikuwa na maji. Maji ya kuogea hupashwa na jua. Taa huwaka kwa umeme wa jua, na usiku mgeni hupewa tochi badala ya kuwashiwa njia nzima. Choo hakitumii maji. Kinyesi huoza pamoja na majani makavu kikawa mbolea. Maji yaliyokwisha kuogewa hupita katika kitalu cha mimea inayoyasafisha, yasifike baharini yakaudhuru mwamba.

Tulitafuta kiyoyozi, hakipo. Chumba cha kulala kiko juu, chini ya makuti, na ukuta wake wa mbele hushushwa kwa kamba ili upepo wa bahari uingie wote. Mmoja wa mama zetu alikaa kitandani kidogo, akavuta ushungi wake vizuri kwa sababu ya upepo, akasema, "Hii ni dungu ya shambani, ila imesafishwa."

Alisema kweli. Yale tuliyokuwa tukiyaona kuwa ni maajabu ya wageni ni elimu ambayo bibi zetu walikuwa nayo: makuti, kivuli, upepo, tangi la mvua, na maji ya kupimwa kwa kata.

Msikiti usio na mita

Karibu na mnara wa taa upo msikiti mdogo wenye mtindo wa Kihindi, wa mwanzoni mwa karne iliyopita, enzi za walinzi wa mnara. Adhuhuri ilitukuta hapo. Hatukupunguza swala, kwa kuwa masafa ya safari yetu hayakutimia kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Wakati wa kutawadha, imamu alichukua chupa ya lita moja ya maji, akatawadha viungo vyote kwa utulivu, na maji yakabaki. Akatukumbusha yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kiasi cha theluthi mbili za lita, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Sote tuliisoma hadithi hiyo chuoni. Tuliihifadhi kwa ajili ya mtihani. Tuliporudi kijijini tukaweka ndoo chini ya bomba la msikiti na kumwomba mwenzetu mmoja atawadhe kama kawaida yake. Alitumia lita saba. Maji hayo hupandishwa na pampu, pampu huendeshwa na umeme wa Tukuza, na umeme ukikatika tulikuwa tunataka jenereta. Hivyo bomba lililoachwa wazi msikitini na kiyoyozi kilichoachwa wazi hotelini ni ndugu wa baba mmoja, na jina la baba yao ni israfu.

Baada ya swala, mwenyekiti hakuondoka. Katika ujana wake alikuwa fundi mwashi. Aliweka kiganja chake juu ya ukuta, akapima unene wake, akatazama madirisha yanavyopokea upepo. Ndani mlikuwa na ubaridi, na hapakuwa na feni wala waya. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Msikiti wetu wa zamani ulikuwa hivi. Mimi ndiye niliyeubomoa."

Akatusimulia yale ambayo vijana hatukuyajua. Msikiti wa mwanzo wa kijiji ulikuwa wa mawe na chokaa, wenye kuta nene, paa la makuti na matundu juu ya madirisha. Tulipopata fedha tukajenga wa matofali ya saruji, tukaezeka bati bila ya dari, tukaweka madirisha ya vioo ili upendeze. Bati likaleta joto na vioo vikauzuia upepo. Miaka ikapita, tukaanza kumwomba mfadhili viyoyozi vya kuliondoa joto tulilolijenga kwa mikono yetu.

Hapo ndipo tulipoufahamu mpangilio wa jambo hili, na tunauweka wazi kwa wenye hoteli na wenye misikiti kwa pamoja. La kwanza ni kupunguza haja: kivuli, upepo, dari, paa lisilopitisha joto, taulo zisizofuliwa bila ya sababu, chakula kinachopikwa kwa idadi ya walaji. La pili ni chombo kizuri kwa haja iliyobaki: feni kabla ya kiyoyozi, na kiyoyozi kikiwepo kiwekwe nyuzi 25, mlango ufungwe, na gesi yake ikusanywe na fundi anayejua. La tatu ni jua, kwa kupasha maji na kwa umeme. Jenereta ni la mwisho, kama nyamafu kwa aliyefikwa na dharura, ambaye hula kwa kiasi cha kuokoa roho yake. Anayeanza na paneli za jua huku milango iko wazi hujaza mtungi uliotoboka.

Hatusemi kwamba kila hoteli iwe Chumbe. Nyumba saba si vyumba mia mbili, na wageni wake nao wamekuja kwa ndege. Kisiwa kidogo hakiwezi kuifuta safari ya anga. Lakini kimeonesha kwamba mgeni anaweza kulala salama, akakoga maji ya moto na kuondoka ameridhika, bila ya jenereta kumsumbua jirani yake.

Tulivyorudi

Barua iliyokuwa ikisubiri saini hatukuitia saini. Tuliandika nyengine, tukimwomba mfadhili abadilishe sadaka yake: tuweke dari, tufungue matundu chini ya paa, tubadilishe vioo vya upande wa bahari, tununue feni, na tuweke paneli na betri za kutosha taa, feni na kipaza sauti. Mwanzoni alikasirika. Alituuliza kama tunawakatalia waumini raha. Akina mama wawili waliokwenda Chumbe ndio waliomwendea na kumweleza, na mwisho alikubali dari, feni na matundu. Paneli amesema atazitazama mwakani. Baadhi ya vijana wetu nao hawajaridhika, na wanasema wazi kwamba Ijumaa ya mwezi wa Februari itatuumbua. Huenda. Kazi ya dari imeanza upande wa wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokula moshi.

Kwa jirani nako pamebadilika. Jenereta limehamishwa nyuma zaidi, mbali na ukuta wetu na mbali na nyumba za watu, na bomba lake la moshi limerefushwa. Milango ya vyumba imewekewa kadi ambazo mgeni akitoka nazo umeme wa chumba hukatika. Kamba za nguo zimerudi, nyuma ya ua wa makuti, na mashine ya kukaushia huwashwa siku za mvua tu. Mabaki ya chakula huchukuliwa na vijana wawili wa kijiji wanaotengeneza mbolea. Meneja anasema dizeli imepungua, na hakuna kijana hata mmoja aliyepoteza kazi kwa ajili hiyo. Paneli za juu ya paa bado. Mwenye hoteli yuko nje ya nchi na hajatoa idhini, nasi tumemwandikia kwa heshima kupitia meneja wake.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu tuna ombi dogo. Wengi wenu mna mtoto anayefanya kazi hotelini. Mfundisheni kwamba kuzima kiyoyozi cha chumba kitupu ni amana, hata kama bosi hayupo. Na sisi wenyewe tukilala hotelini, kwa harusi mjini au kwa Umra Makka, tukumbuke kwamba chumba kilichoachwa kikipoa peke yake tangu Alfajiri mpaka Isha, huku mwenyewe yuko Haram akiomba msamaha, nacho kina hesabu yake.

Ramadhani nyengine inakaribia, na umeme utakatika tena, kwani waya ni waya. Juzi bi mkubwa mwenye pumu alifika msikitini wakati mafundi wakipigilia dari. Hakuuliza habari ya Kigali wala ya kaboni. Aliuliza tundu jipya linatazama upande gani. Tukamwambia: bahari. Akasema, "Basi nitamaliza swala yangu, Inshallah."

Twamwomba Allah atujaalie tuwe majirani wema, na atulinde na israfu ya siri na ya dhahiri. Amin.